Nukta za Injini ya Kushoto

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika jina la mtu kando ya nukta. Nilikuwa kijana, karani wa shirika dogo la ndege za kukodi, na ofisi yetu ilikuwa chumba cha mabati pembeni mwa kiwanja cha Shinyanga. Tangu utotoni nina ugonjwa wa kushindwa kuacha jambo bila maelezo. Nukta zile zilikaa peke yake juu ya nyingine kwenye mchoro wangu. Nilizitazama mpaka macho yakauma, kisha nikaziwekea maelezo ya karibu kabisa niliyoyapata. Maelezo hayo yalikuwa mtu.

Tulikuwa na ndege ya injini mbili, na nyingine ndogo ambayo siku nyingi ilikaa juu ya magogo ikisubiri vipuri. Ile ya injini mbili ndiyo iliyotulisha. Ilipeleka wafanyabiashara Mwanza, maofisa Dar, mafundi Mwadui, na kutoka Geita ilileta wagonjwa na watu wa dhahabu waliotazama chini muda wote wa safari. Ndege ikishafika juu na kutulia, rubani alitakiwa kusoma geji zake na kuandika kwenye karatasi aliyoifunga pajani: urefu, baridi ya nje, mafuta yanayotumika, na joto la kila injini, ya kushoto na ya kulia. Akitua alitia sahihi na kuniachia karatasi mezani. Waliotengeneza injini ndio walioagiza hivyo. Walisema injini haifi ghafla. Joto lake hupanda kidogo kidogo, na anayelifuatilia ataona mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuifungua na kuitibu.

Kabla yangu hakuna aliyefuatilia. Karatasi zilitobolewa tundu, zikafungwa kamba, zikarushwa juu ya kabati, na panya wakazifanyia makao.

Sikusoma sekondari. Niliyoyajua niliyatoa kwenye kitabu cha injini cha Kiingereza nilichokisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, nikirudia ukurasa mmoja mpaka nauota. Kitabu kilisema joto tupu halitoshi. Siku ya jua kali injini huwaka zaidi, na ikibeba mzigo huwaka zaidi, kwa hiyo lazima upunguze kiasi fulani kufuatana na jedwali ndipo ulinganishe safari ya leo na ya jana. Kinachobaki unakiweka kama nukta kwenye karatasi ya miraba. Karatasi hizo nilikwenda kuzitafuta kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya shule karibu na stendi.

"Wewe mwalimu ya hesabu?" aliniuliza.

"Hapana, mzee. Karani wa ndege."

"Karani nafanya nini na miraba? Ndege napita mistari sasa?" Akacheka mpaka mke wake akatoka nyuma kuuliza kuna nini. Lakini aliniuzia, na kila niliporudi aliniuliza kama ndege zimejifunza kusoma.

Nilichora kwa penseli iliyochongwa kwa wembe. Nukta ikikaa vibaya hata kwa upana wa unywele niliifuta, na nikiifuta karatasi ikichafuka nilichora upya tangu mwanzo. Nikishafika nyumbani niliweza kurudi ofisini kwa miguu kuhakikisha kwamba sikukosea kutoa. Sisemi haya kujisifu. Niliogopa. Niliamini kwamba watu wasiosoma husamehewa makosa mara moja tu.

Mara ya kwanza michoro ile ilinisaidia. Mafuta ya ndege wakati ule yalipatikana kwa bahati. Pipa lililotakiwa kufika Jumatatu liliweza kufika mwezi mwingine. Nikaona kwamba katika safari za Dar, marubani waliopanda juu zaidi walirudi na mafuta mengi kuliko waliobaki chini, hata upepo ulipokuwa mbaya. Nikamwonyesha meneja. Alikuwa mtu wa hesabu za fedha, ndege zenyewe zilimtia kizunguzungu. Akaagiza wote wapande juu, na kweli pipa likaanza kwenda mbali. Tangu siku hiyo akawa ananiita ofisini kwake, akinifungia mlango kama mkubwa mwenzake. Naungama kwamba nilipenda sana sauti ya mlango ule ukifungwa.

Marubani waliniita mfumu. Kwetu Usukumani mfumu ni mganga apigaye ramli, na wengi wao humpasua kuku wakasoma tumboni mwake ugonjwa umetoka wapi.

"Mfumu, kuku anasemaje leo?"

"Anasema mpande juu."

"Mwulize kama mishahara nayo itapanda."

Hayo yalikuwa maneno ya mzaha, na nilicheka nao. Aliyecheka zaidi alikuwa kepteni mmoja mnene, mtu mzima, aliyezunguka ndege akiikagua huku akiimba tenzi za kanisani kwa sauti nene. Tulimwita Kepteni wa Geita kwa sababu njia ya huko wengine waliikwepa. Kiwanja cha Geita kilikuwa kifupi, cha changarawe na vumbi jekundu, chenye ng'ombe pembeni. Yeye alikwenda bila kunung'unika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, namba zimesimama wima kama askari.

Nukta zilizopanda zilikuwa zake. Injini ya kulia ilikuwa sawa kwa kila mtu. Ya kushoto ilikuwa sawa kwa wengine wote, lakini kwake ilipanda, ikapanda tena, kila safari juu kidogo ya ile iliyopita. Nilirudia hesabu. Nilichora upya. Nilipopaka nukta za kila rubani rangi yake, zake zikatokeza kama ngazi, na za wenzake zikalala chini pamoja.

Ningeweza kupeleka mchoro bila rangi. Ningeweza kusema, injini ya kushoto ina jambo, tuitazame. Lakini hapo ningekuwa nimeacha swali wazi: kwa nini huyu tu? Karani asiyesoma hapeleki swali kwa mkubwa, hupeleka jibu. Nikaandika jina lake kando ya ngazi ile kwa wino mweusi, herufi nzuri, nikapiga mstari chini yake.

Meneja alishika mchoro kwa mikono miwili.

"Kumbe huyu ndiye anayetuunguzia injini."

"Inaonekana hivyo, mzee," nikasema. "Ila labda fundi aitazame kwanza."

"Aitazame nini? Injini ni ile ile, mikono ndiyo tofauti. Si umeandika mwenyewe?"

Nilikuwa nimeandika mwenyewe.

Alimwita Kepteni mbele ya marubani wenzake na mafundi, akamwonyesha mchoro, akamwambia kwamba anasukuma injini kama mtu anayesukuma mkokoteni. Akamsimamisha kuruka kwa muda na kumweka mezani kupokea simu. Nakala ya mchoro ikaingia kwenye faili lake. Kepteni aliutazama ule mchoro muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Marubani wenzake walitazama viatu vyao. Siku hiyo sikuelewa kwa nini.

Aliporudi kuruka, hakuimba. Nilimsalimia.

"Shikamoo, Kepteni."

"Marahaba, mfumu." Akaweka karatasi yake mezani. "Hii hapa. Nadhani utaipenda."

Joto la injini ya kushoto: mia sita arobaini. La kulia: mia sita arobaini. Aliyefuata akaandika hivyo hivyo, na aliyemfuata pia. Asubuhi ya baridi, mia sita arobaini. Mchana wa Oktoba, ndege imejaa, mia sita arobaini. Nilipofanya hesabu ya jedwali nukta zilicheza kidogo kwa sababu ya hali ya hewa, lakini ngazi ilikuwa imekwisha. Mchoro ukalala kama maji ya bwawa.

Meneja alifurahi. "Umeona? Mtu akijua anatazamwa, anajirekebisha."

Mimi nilianza kukosa usingizi. Injini hairudi ujana kwa kuogopa meneja. Nikaenda kwa fundi mkuu, Msukuma wa upande wa Maswa, aliyekuwa amelala chali chini ya bawa akikaza kitu.

"Fundi, injini ya kushoto umeigusa?"

"Sijaigusa."

"Basi mbona imepoa?"

Akatoka chini ya bawa polepole, akajifuta mikono, akakaa kwenye pipa tupu.

"Ng'wanawane," akasema, mwanangu, "mfumu wa kweli akishampasua kuku, humwambia mwenye shida jambo limetoka upande gani. Upande wa mama, upande wa maji, upande wa njia. Hataji mtu. Unajua kwa nini?"

Nilijua. Katika vijiji vyetu tumezika vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu ya moshi wa kuni, na jina lao kutamkwa na mfumu mmoja asiye na breki mdomoni.

"Wewe umetaja," fundi akasema. "Sasa nani atakuletea kuku?"

"Naweza kulifuta jina."

"Lifute. Na masikio yaliyolisikia utayafuta na nini? Kifutio chako kile cha waridi?"

Nikamwuliza kama anaweza kuifungua injini kwa hiari yake. Akanionyesha angani, kule vipuri vinakotoka. Kufungua kulihitaji vipuri, vipuri vilihitaji pesa za kigeni, na pesa za kigeni zilihitaji barua ya meneja yenye sababu. Sababu ilitakiwa itoke kwangu, na mchoro wangu ulisema injini ni nzima.

Nilikwenda nyumbani kwa Kepteni Jumapili baada ya ibada. Mke wake, mtu wa Kahama, alikuwa anapepeta mchele uani. Alinikaribisha vizuri, nami nikaona kwamba hajaambiwa mimi ni nani. Kepteni alikaa barazani amevaa singlendi, redio mapajani.

"Kepteni, nimekuja kukuomba. Niandikie joto la kweli. Sitaweka jina. Sitaweka rangi. Hata meneja hatajua."

"La kweli ni lipi?"

"Unalolisoma kwenye geji."

Akazima redio. "Kijana, unafikiri wenzangu walisoma nini siku zile? Injini ni ile ile, geji ile ile. Wote waliona joto linapanda. Waliandika mia sita arobaini, au karibu yake, tangu zamani, kwa sababu ndiyo namba isiyoulizwa maswali. Mimi ndiye mpumbavu niliyeandika ninachokiona."

Nikakaa bila kukaribishwa. Ngazi yangu ndiyo ilikuwa kweli peke yake katika mchoro mzima. Kundi lililolala chini, lile nililoliona sahihi kwa sababu lilikuwa kubwa na nadhifu, ndilo lilikuwa uongo.

"Sasa hivi inasoma ngapi?" nikauliza.

"Mia sita arobaini," akasema, na mke wake akacheka kule uani, akidhani ni utani wa kazini.

"Kepteni, itakufia hewani. Na watu ndani."

"Najua. Mimi ndiye ninayekaa nayo." Akaiweka redio chini. "Nikiandika, nasimamishwa. Nikisimamishwa mara ya pili, sirudi. Nina watoto shuleni. Nikikataa kuruka, wanauliza kwa nini, karatasi inasema nzima. Wewe ulinifungia mlango, halafu unakuja kunigongea dirishani."

Jumatatu nilikwenda kwa meneja. Sikuweza kusema nimeambiwa na Kepteni, maana hiyo ingekuwa kumtaja tena. Nikasema ninashuku namba kwa sababu zimefanana mno, na joto halisi halikai mahali pamoja hivyo.

"Wiki zile hukupenda zilipopanda," meneja akasema. "Sasa hupendi zilipotulia. Mstari umenyooka, unataka nini tena? Upinde?"

Nikaomba niruhusiwe kupanda ndege na kusoma geji mwenyewe. Akasema kiti kina abiria. Nikaomba mara ya pili kwa maandishi, nikairudia barua ile mpaka nikaona haina kosa hata la nukta, na haikujibiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa juhudi yangu yote. Ningeweza kusimama mbele ya tairi. Watu huniambia hivyo, nami hujiambia hivyo, lakini nilikuwa mtu wa kuchonga penseli.

Injini ya kushoto ilikufa Geita, mchana, ndege ikiwa ndiyo kwanza imeinua magurudumu kutoka kwenye kile kiwanja kifupi. Joto la mchana, mzigo umejaa, na injini moja haikutosha kuipandisha. Kepteni aliirudisha chini kwenye shamba la pamba mbele ya kiwanja. Bawa moja liling'oka. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo walio ndani walimshukuru huku wakilia. Mama mmoja aliyekuwa akipelekwa hospitali alivunjika mguu juu ya ugonjwa aliokuwa nao. Kepteni alivunjika mkono.

Wachunguzi walitoka Dar. Waliifungua ile injini na kukuta visu vyake vya ndani vimeliwa na vumbi, vingine vimeungua na kukatika. Iliwaka kupita kiasi, wakasema. Swali lililobaki lilikuwa: tangu lini, na kwa mikono ya nani. Wakaomba karatasi. Nikawaletea michoro yangu yote, na mkubwa wao, mzee mwenye miwani, akaikunjua mezani kwa upole.

"Hii ni kazi yako, kijana?"

"Ndiyo, mzee."

"Safi sana. Hata sisi hatuna kitu kama hiki." Akamwita mwenzake. "Tazama. Hapa rubani anaiunguza, jina liko wazi. Hapa ameonywa, anatulia. Miezi yote hii injini nzima, marubani wote wanakubaliana. Halafu siku ya mwisho, yuko peke yake Geita, amerudia tabia yake."

Kila alipoweka kidole palikuwa pamechorwa na mimi. Sikupata kosa katika maelezo yake. Ningekuwa mimi, ningeandika hivyo hivyo.

"Mzee," nikasema, "huu mstari wa katikati si wa kweli."

"Si wa kweli vipi? Umechora vibaya?"

"Nimechora nilivyoandikiwa. Namba zenyewe zilitungwa."

Akavua miwani. "Zilitungwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kila karatasi ilikuwa na sahihi. Waliwaita marubani mmoja mmoja, nami nikabaki pale pembeni kuwapa karatasi walizozitaka. Kila mmoja alisema aliandika alichokisoma kwenye geji. Walisema bila kutetemeka, na siwalaumu. Nao wana watoto. Kepteni aliingia wa mwisho, mkono umefungwa shingoni.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Namba hizi ndizo ulizozisoma?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilidanganya. Nilianza siku niliporudishwa kazini baada ya kusimamishwa kwa kuandika kweli. Mwulizeni na meneja."

Kalamu ya mzee wa miwani iliandika neno moja na kusimama. Yaliyofuata hakuyaandika. Nilikuwa nimekaa karibu, niliona.

Nilimkimbilia nje. Alikuwa amesimama kwenye jua akijaribu kuvaa kofia kwa mkono mmoja.

"Kepteni, nilitaka kusaidia."

"Ulisema kweli," akasema. "Mimi nilisema kweli mara mbili, mwanzo na mwisho, na mara zote mbili imenila. Katikati nilidanganya, nikala mshahara. Kachore hiyo."

Nikamshikia kofia, akaivaa, akaenda zake.

Alinyang'anywa leseni. Familia ilihamia kwa ndugu za mke, Kahama, na nasikia yeye ana mashine ya kukoboa mpunga Runzewe. Nimepita pale kwa basi zaidi ya mara moja. Sikushuka. Meneja alipandishwa cheo na kupelekwa tawi jingine. Fundi mkuu alistaafu bila kuagwa. Shirika lilikodi ndege nyingine yenye injini za aina ile ile, inayokwenda viwanja vile vile vya vumbi, na mimi bado ni karani.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni kimoja. Wachunguzi walipendekeza fomu mpya, eti mtu aandike bila woga, na fomu mpya haina nafasi ya jina wala sahihi ya rubani. Ilifika mwaka jana. Marubani wanaijaza kila safari, na joto wanaloandika ni mia sita arobaini, kushoto na kulia.